Kisu cha Skandinavia cha kwenda nacho porini: mwongozo kamili wa kuchagua kizuri usije ukajuta

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikuwa kama vile vya kwenye muvi, kirefu, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini una uwazi ndani na kifuniko chenye dira, ukifungua unakuta njiti za kiberiti na ndoano za samaki. Nilikipenda ile mbaya. Siku ya pili tu porini nikawa nakigonga na gogo nipasue kuni, pigo la nne au la tano nikasikia kaa! nimebaki na mpini mkononi, bapa limerukia kwenye majani huko, na ni bahati tu hakuna mtu alikuwa amekaa upande ule. Nilipoliokota ndo nikaona kilichokuwa kinashikilia kila kitu ni kijichuma kifupi kama kidole gumba na nati moja basi. Jamaa niliyekuwa naye akanipa chake bila maneno, kisu kidogo mpini wa plastiki, ukikiangalia unadhani cha kumenyea viazi, nacho nikamaliza kuni zote, nikachonga vigingi vya hema, jioni nikakatia na kitunguu. Kilikuwa kisu cha Mora. Toka siku hiyo nimeshika vingi vya aina hiyo, vizuri na vibovu, na haya ndo ninayoyaangalia kabla sijatoa hela.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Tunaviita vya Skandinavia, au skandi kwa kifupi, ingawa watu wa jiografia watakuambia Ufini haimo Skandinavia, ila kwenye visu huwezi kuwaacha Wafini nje, maana puukko ni yao. Ni kisu kisichokunjwa, bapa fupi, mgongo umenyooka au umeshuka kidogo tu kwenye ncha, mpini umenona kama pipa, na mara nyingi hakina ile pembe ya chuma ya kuzuia kidole. Uswidi kuna Morakniv, chimbuko lake ni kiwanda kilichoanza 1891 kijiji cha Östnor karibu na mji wa Mora. Norwei wana Brusletto wa Geilo tangu 1896 na Helle wa Holmedal tangu 1932. Ufini wana Iisakki Järvenpää wa Kauhava tangu 1879 na Marttiini wa Rovaniemi tangu 1928. Kule kaskazini kabisa Wasami, wenyeji wa huko, wana leuku, hiyo ni jitu lingine, bapa lake linaweza kupita sentimita 20 na linafanya kazi za kishoka. Siwatangazii biashara hao, nawataja ili uwe na cha kulinganishia, ukishika hata kimoja chao cha bei ya chini kabisa utajua mara moja kile kingine cha kung'aa kwenye picha kinakudanganya wapi.

Hatua ya 1: jiulize utakikatia nini, na uwe mkweli

Hapa watu wanajidanganya sana. Mtu anasema anataka kisu cha kuishi nacho msituni mwezi mzima, ukifuatilia ataenda kupiga kambi siku mbili, atachonga vijiti, atakata kamba, atapasua kuni ndogo za kuwashia moto na atakata chakula. Hizo kazi nne ndo karibu kila kitu, na zote zinataka kisu kidogo chenye makali mazuri. Kama kazi yako kubwa ni kuangusha miti beba shoka au msumeno, kisu hakitakusaidia hata kiwe kirefu vipi. Kama ni samaki tu, tafuta kisu cha minofu chenye bapa jembamba linalopinda, hiki cha skandi kitakusumbua kwenye kuchuna ngozi ya samaki. Waliobaki wote twende.

Hatua ya 2: angalia mteremko wa makali, hapa ndo penyewe

Ukisahau yote ninayosema kumbuka hili. Visu vingi vya jikoni na vya porini vina miteremko miwili, mmoja mpana unaopunguza unene wa bapa kutoka juu, halafu mwingine mdogo kabisa mwishoni ambao ndo makali yenyewe. Cha skandi hakiko hivyo. Bapa linashuka hivyohivyo na unene wake wote, halafu likikaribia chini, kwenye theluthi ya mwisho hivi, linakatwa mteremko mmoja ulionyooka kila upande mpaka kwenye makali, basi. Pande zote mbili zikikutana mara nyingi unapata pembe ya digrii kama 20 mpaka 25 kwa jumla.

Faida yake utaiona ukiweka kisu kwenye mti. Ule mteremko mpana unalala juu ya mti kama randa ya fundi seremala, mkono wako hauhitaji kutafuta pembe, unasukuma tu na maranda yanajikunja yenyewe membamba, ukitaka yaingie ndani zaidi unainua mgongo wa kisu kidogo, ukitaka yawe membamba unalaza. Mtu ambaye hajawahi kuchonga akipewa skandi nzuri ndani ya dakika kumi anatoa vijiti vya maranda vya kuwashia moto hata kama kuni ziliguswa na mvua. Faida ya pili ni kwenye kunoa, tutaifikia, na kwangu mimi ndo kubwa zaidi.

Hasara zipo pia nisikufiche. Kwa sababu bapa ni nene mpaka karibu na makali, ukikata karoti haikatiki, inapasuka, inaruka huko. Na kama miteremko inakutana moja kwa moja bila kitu kingine, yale makali ni membamba sana, ukigonga mfupa au fundo gumu la mti yanang'oka vipande vidogo. Ndo maana viwanda vingi vinaweka kijimteremko kidogo mno mwishoni, karibu hukioni kwa macho, ili makali yasivunjike. Kuna watu wanalalamika wakikiona, mi naona ni busara tu, acha kikae.

Na jihadhari, kisu kutengenezwa Uswidi si lazima kiwe na makali haya. Fällkniven F1 kwa mfano ni cha Waswidi na ni kisu cha maana sana, lakini makali yake yamebinuka kama tumbo, hayako bapa, kunoa kwake ni habari nyingine. Na wapo wanaoandika skandi kwenye boksi wakati bapa ni la kawaida kabisa, kwahiyo usisome boksi, angalia chuma. Simamisha kisu ncha ikiwa inakuangalia, kama unaona pembe moja kila upande iliyonyooka kama paa la nyumba ndo yenyewe, kama paa lina mikunjo miwili siyo.

Hatua ya 3: chuma, kaboni au stenlesi

Mabishano ya hapa hayaishi na mengi hayana maana. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka, kinashika makali makali kweli, na ukikigonga na jiwe gumu la aina ya gumegume kinatoa cheche kwa njia ya zamani. Ila kinashika kutu. Ukikatia limau ukakiacha mezani ukarudi baada ya chakula utakuta kina madoa meusi, hayo meusi si mabaya, yanakilinda kidogo, wengine wanakipaka siki makusudi kipate hiyo rangi, tatizo ni yale mekundu. Stenlesi haina usumbufu huo, ina kromi nyingi, ile 12C27 wanayopenda sana watu wa huko ina kromi kama asilimia 13 na nusu, na 14C28N ina asilimia 14. Hizi mbili si zile stenlesi mbovu za kwenye visu vya zawadi, zina punje ndogo na zinanoleka vizuri sana kwenye jiwe la kawaida.

Ushauri wangu, kama utakuwa karibu na maji, chumvi, mvua, jasho, au wewe ni mvivu kama mimi wa kufuta kisu kila ukikitumia, chukua stenlesi na usiangalie nyuma. Kama unapenda kukitunza chombo chako na utachonga mti kuliko kitu kingine, kaboni itakufurahisha. Kuna na njia ya kati, chuma cha tabaka tatu, gumu katikati na laini pande mbili, Helle ndo wanaopendelea hiyo, makali yanakuwa magumu lakini bapa zima halivunjiki kirahisi. Kuhusu ugumu, wakikuandikia namba ya Rockwell ikiwa kati ya 56 na 60 uko salama, ikishuka sana kinabutuka haraka, ikipanda sana kinaanza kumeguka. Wasipoandika aina ya chuma popote, yaani wanasema tu chuma bora cha upasuaji, kimbia. Na mawimbi mazuri ya damaski, ile michoro ya chuma cha tabaka nyingi, yasikuvuruge akili, kwenye visu vingi vya bei chee yamechorwa tu juujuu.

Hatua ya 4: urefu na unene

Bapa la sentimita 9 mpaka 11 linatosha. Zaidi ya hapo ncha inakuwa mbali na mkono na kazi ndogo zinakuwa ngumu. Unene ndo watu hawaufikirii. Mora Companion ya kawaida ina bapa la kama sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, Garberg, nayo ya Mora, ina sentimita karibu 11 na milimita 3.2, ukisikia tofauti ya milimita 0.7 unaona si kitu, lakini shika vyote viwili uchonge kijiti utaelewa. Kile chembamba kinaingia kwenye mti kama hakuna kitu na kwenye chakula kinavumilika, kile kinene kinapasua kuni vizuri na hakiogopi kugongwa. Na kumbuka pembe ikiwa ileile, bapa likiwa nene mteremko unakuwa mpana, kwa digrii 24 ni kama milimita 6 kwa chembamba na 7 na nusu kwa kinene, hizo zote ni chuma utakachokuwa unakisugua kwenye jiwe kila ukinoa. Kwahiyo unene una gharama yake, bapa la milimita 4 au 5 lenye makali ya skandi kwa maoni yangu ni patasi tu.

Hatua ya 5: msuka na mpini

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na ndo iliyonitia aibu siku ile. Kuna aina mbili kubwa. Msuka mwembamba ni kama kijiti cha chuma kinachopita katikati ya mpini, kwenye puukko za kienyeji unatokea mpaka nyuma na kufuliwa kichwa kama ribiti. Msuka mpana una umbo la mpini wote, unauona pembeni, vibao viwili vimebandikwa huku na huku. Watu wa mitandaoni watakuambia usinunue kisu kama hakina msuka mpana, si kweli hata kidogo. Msuka mwembamba unafanya kisu kiwe chepesi, uzito unakaa vizuri, na wakati wa baridi mkono haugusi chuma, Wafini na Wasami si wajinga. Cha muhimu ni uwe mrefu, walau robo tatu ya mpini, na usiwe umekatwa pembe kali pale unapoungana na bapa kwa sababu hapo ndo panapovunjikia. Kama unajua utakuwa unagonga kisu kwa gogo kila siku, hapo sawa, chukua msuka mpana ulale usingizi.

Mpini wenyewe uujaze mkono. Kisu chembamba mpini kinaonekana cha kisasa kwenye picha, ukichonga nacho nusu saa kiganja kinapata lengelenge. Mipini ya kienyeji ni ya mti wa birchi, mti wa huko kaskazini, wenye mafundofundo, au magome ya mti huohuo yaliyopangwa kama sahani na kubanwa, haya ya magome ukishika na mkono uliolowa hayatelezi kabisa na hayana ubaridi. Raba na plastiki havina sifa ya uzuri lakini vinavumilia kila kitu. Cha kuogopa ni mti uliopakwa vanishi nene ya kung'aa, damu ya samaki au maji yakiingia unakuwa kama sabuni.

Halafu angalia makali yanaanzia wapi. Kwenye kisu kizuri cha aina hii yanaanza palepale mpini unapoishia, hakuna nafasi ya chuma butu katikati. Nguvu yako ya kukata iko karibu na ngumi, kila sentimita unayosogeza makali mbele unapoteza nguvu. Na pembe ya kuzuia kidole? Kama ni mara yako ya kwanza au unamnunulia kijana chukua chenye kijinundu cha raba pale mbele, kitamwokoa vidole. Ukishazoea utaona kinakuzuia kushika mbele.

Hatua ya 6: ala

Fupi hapa. Ala ya plastiki iwe na tundu chini la kutolea maji na kisu kiingie kwa mlio, tik. Ala ya ngozi ya kienyeji inameza kisu mpaka nusu ya mpini au zaidi, hiyo ni sifa, ndo inayokishika bila kifungo. Kisu cha kaboni usikilaze ndani ya ngozi miezi na miezi, ngozi inavuta unyevu na kitakula kutu bila wewe kujua. Kama unatumia mkono wa kushoto uliza kabla ya kulipa, ala nyingi za ngozi ni za upande mmoja.

Hatua ya 7: kikishafika mkononi mwako kikague kabla hujakifurahia

Kaa chini ya taa au dirishani, elekeza makali juu, mgongo chini, tazama kutoka ncha mpaka mpini. Makali yaliyonolewa sawasawa hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Ukiona kinukta kinameta, hapo ni butu au pamemeguka. Kisha geuza utazame mstari wa mgongo kama unavyotazama ubao kama umepinda. Kisha pima upana wa mteremko pande zote mbili, ukiwa mpana kushoto na mwembamba kulia ujue mashine iliyumba, na utakuja kulia wakati wa kunoa. Nyufa kidogo kati ya bapa na mpini siyo mwisho wa dunia, tone la gundi ya epoksi linamaliza, ila kikitikisika rudisha.

Angalia na mgongo. Ukiwa na kona kali kama kona ya rula utakwangulia kijiti cha cheche, kile cha madini kinachotoa cheche kikikwanguliwa, ukapata moto, ukiwa umelainishwa kijiti kitateleza tu. Hii haihitaji kaboni, stenlesi inafanya kazi vilevile, kinachotakiwa ni kona. Kama haina, dakika mbili za tupa ukishika wima zinatosha, piga sehemu ya karibu na mpini uache ya mbele ili kidole gumba kipate pa kukaa.

Mwisho weka kisu kwenye ala, ipindue juu chini, itikise kwa nguvu juu ya kitanda. Ndo ujue kama utatembea nacho.

Hatua ya 8: kinoe mwenyewe mara ya kwanza mapema

Usisubiri kiwe butu. Nunua jiwe moja lenye pande mbili, upande wa 400 au 600 na upande wa 1000 (namba ikiwa ndogo jiwe linakwaruza zaidi), na liwe bapa kweli, jiwe lililobonyea katikati litakiharibu. Lilowanishe. Chukua peni ya rangi upake mteremko wote wa makali. Laza kisu juu ya jiwe, halafu bonyeza kwa vidole kwenye ule mteremko mpaka uhisi umelala, kuna namna kinatulia, hakiyumbi tena. Usitafute digrii, kisu chenyewe kinakuonyesha. Sukuma makali mbele mara tano, geuza uangalie rangi. Ikibaki karibu na makali umelaza sana, au ni kile kijimteremko kidogo cha kiwandani, ikibaki juu kwenye bapa umeinua. Rekebisha, endelea taratibu upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole gumba, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali wala si kufuatisha urefu wake, unahisi kitu kinakwaruza kama ukucha uliokatika. Hicho ni chuma kilichojikunja, kinamaanisha umefika mwisho. Geuza, fanya upande wa pili idadi ileile. Kwenye ncha inua mkono wa mpini kidogo ufuate mviringo, hapo wengi wanaisahau ncha inabaki butu miaka yote.

Hamia 1000 kwa mkono mwepesi, halafu pitisha kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliobandikwa kwenye ubao, kwa kuvuta kinyumenyume, makali yakifuata nyuma, mara ishirini kila upande. Sasa jaribu kwenye karatasi, ila zaidi jaribu kwenye kijiti kikavu, kama maranda yanatoka yanang'aa umemaliza. Ukiona makali yanameguka ukifika porini, maliza kunoa kwa kuinua mgongo kidogo tu na kupitisha mara mbili tatu kila upande bila kukandamiza, umejitengenezea kijimteremko chako mwenyewe.

Ukishamaliza kikaushe, cha kaboni kipake tone la mafuta, mafuta ya kupikia yanatosha kama utakatia chakula, mpini wa mti upake mafuta ya kitani usubiri yakauke, na vile vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa pamoja, vinaweza kuwaka vyenyewe, vitandaze nje vikauke. Na ukiwa hauko porini kiache nyumbani au kwenye begi lililofungwa, hata huko Uswidi kwenyewe sheria haikuruhusu kutembea na kisu hadharani bila sababu ya maana, soma ya kwenu kabla hujakining'iniza kiunoni.

Kama bado unasitasita uanze na kipi, anza na kile cha bei ya chini chenye bapa la milimita 2.5, mpini wa raba, stenlesi, ukitumie msimu mzima, ukinoe vibaya, ukikosee. Kikishakuchosha utakuwa unajua wewe mwenyewe kinachokosekana ni unene, au mpini, au ala, na cha pili utakichagua bila kumuuliza mtu.